Nilinunua mipira kabla ya kupima kisima

Jioni ya kwanza nilipofungulia koki, nililia kwa furaha. Ilikuwa Juni 2021, upepo wa kiangazi wa Dodoma umeshaanza, na kwenye nusu ekari yangu iliyo upande wa kuelekea Makutupora, laini 40 za dripu, ile mipira yenye matundu ya kumwagilia tone kwa tone, zilikuwa zimelala sambamba kama mistari ya daftari. Kila baada ya sentimita 30 tone linaning'inia, linadondoka, doa la unyevu linatanuka. Mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa akikaa shambani mimi nikiwa shuleni nafundisha, alipiga picha. Nikazituma kwa ndugu wote.

Dakika 40 baadaye tangi lilikuwa tupu. Laini za karibu na tangi zilikuwa zimelowa chepechepe. Za upande wa pili zilikuwa na madoa madogo kama sarafu, na miche ya mwisho kabisa ilikuwa imekaa kwenye udongo mkavu. Nikasema kesho tutafungulia mara mbili. Sikujua kwamba karibu makosa yangu yote makubwa yalikuwa yamejipanga mbele yangu jioni ileile, na kwamba yangenichukua misimu miwili kuyaelewa moja baada ya jingine.

Naandika haya kwa sababu wiki haipiti bila mtu kuniuliza bei ya mipira. Bei nitaitaja. Ila mipira ndiyo kitu cha mwisho kununua, nami nilianza nayo.

Fedha zilikuwa za mkopo wa SACCOS, shilingi milioni 3, zinakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mipira, bomba kuu, koki na konekta vilikula 1,450,000. Tangi la lita 2,000 lilikuwa 480,000. Pampu ya petroli ya inchi 2 ilikuwa 380,000. Fundi alichukua 150,000, na mbegu, mbolea na dawa zikamaliza 400,000 nyingine. Jumla 2,860,000. Nililala nikiwa na 140,000 mkononi na matumaini makubwa, kwa sababu hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya soko: Dodoma mvua ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 600. Ikifika Septemba nyanya inakuwa adimu, na pale soko la Majengo mwenye kreti ndiye anayepanga bei.

Nilikuwa nimesoma pia kwamba maji ya mfereji karibu nusu hupotea njiani, na kwamba dripu iliyofungwa vizuri hufikisha sehemu 9 kati ya 10 kwenye mizizi. Ni kweli. Lakini yale maneno mawili, "iliyofungwa vizuri", niliyaruka. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: shamba lina ukubwa gani? Hakuniuliza maji yanatoka wapi, mangapi kwa saa, yana chumvi kiasi gani, shamba linainama upande upi. Nami sikujua kwamba hayo ni maswali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba siku hizi naifundisha kidato cha pili. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika jua na upepo wa kiangazi chetu, zao lililokwisha kufunga majani linahitaji takribani milimita 6 kwa siku. Nusu ekari ni karibu mita za mraba 2,000. Kwa hiyo nyanya zangu zikishakuwa kubwa zitataka lita 12,000 kila siku inayokucha. Mimi nilikuwa na tangi la lita 2,000 na kisima ambacho sikuwahi kukipima hata siku moja. Miche ikiwa midogo hujui kama umekosea, maana mche mchanga unatosheka na robo ya maji hayo au chini yake. Wiki nne za mwanzo shamba lilipendeza. Wiki ya sita, maua yamejaa, kisima kikaanza kukauka saa nne asubuhi.

Hapo ndipo nilipokaribia kufanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka moyo unashtuka, na nitalisimulia kwa urefu kwa sababu naona wengi wanalifanya.

Pampu ya petroli inayokaa juu ya ardhi haisukumi maji kutoka chini, inayavuta. Na kuvuta kuna kikomo. Hata pampu ikiwa mpya, maji yakishuka zaidi ya mita 7 hivi chini yake haiyafikii tena. Inanguruma, inachoma mafuta, mpira wa kuvutia unatoa hewa. Hilo si ubovu wa pampu na kuongeza mafuta hakusaidii. Kisima changu kina kina cha mita 9. Mwezi Juni maji yalikuwa mita 5 kutoka juu, ikavuta vizuri. Agosti yakashuka. Mdogo wangu akapata wazo: tujenge kijukwaa cha mbao ndani ya kisima, mita 3 chini, pampu ikae pale ili iwe karibu na maji. Nikaona ni akili. Mbao zikanunuliwa, kamba ikafungwa, pampu ikashushwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kushuka ili akaiwashe.

Mzee jirani yetu, mkulima wa zabibu wa siku nyingi, alikuwa anapita na baiskeli. Alitupa baiskeli chini, akakimbia. "Mwalimu, mtoe mtoto huyo! Mtoe sasa hivi!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. Mdogo wangu akapanda, hajaelewa. Mzee akakaa kwenye ukingo wa kisima akatueleza kwamba moshi wa injini ukiwa shimoni hauna pa kutokea. Ndani yake mna hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kizunguzungu, miguu inaisha nguvu, anaanguka kwenye maji. Kisha anayeshuka kumwokoa naye anaanguka. Alikuwa ameshazika watu kwa sababu hiyo. Tukaitoa pampu kwa kamba, kimya, mikono inatetemeka. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza ningemwambia nini mama yetu.

Kwa hiyo, kabla ya mengine yote: injini ya mafuta isiingie kisimani, iwe inawaka au imezimwa ikisubiri mtu ashuke kuiwasha. Maji yakishuka kuliko uwezo wa pampu ya juu, dawa ni pampu ya kuzamisha, ile inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma juu kwa umeme au sola. Kama fedha hiyo haipo, punguza eneo.

Msimu ule hatukuwa na fedha. Tukaendelea kwa kusubiri maji yapande, tukimwagilia siku moja, tukiruka mbili, kisha tukifungulia mengi kwa pamoja ili kufidia. Matokeo yake niliyaona kwenye nyanya zenyewe: tunda linaiva vizuri juu, chini lina baka jeusi lililobonyea. Kuoza kitako. Nilinunua dawa ya ukungu mara mbili, 36,000 imeteketea bure, kwa sababu ule si ukungu. Tunda likikosa kalisi, yaani kalsiamu, linaoza kitako, na kalisi hupanda na maji. Maji yakija leo yakakatika kesho, mche haupati kalisi hata kama udongo umejaa. Theluthi moja ya mavuno ya kwanza tuliilisha ng'ombe wa jirani. Na ile iliyobaki kantangaze, kiwavi anayekula majani na matunda ya nyanya, ikatoboa sehemu yake. Dripu inaacha majani makavu, na hilo kweli linapunguza magonjwa ya ukungu, lakini mdudu yule haijali dripu. Mitego na ukaguzi wa majani vinabaki palepale.

Nusu ekari nzima ilinipa makreti 19. Makato ya SACCOS yakaendelea.

Novemba, mzee wa zabibu alinikuta nimekaa chini ya mwembe na daftari. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Unahesabu hasara?" Nikamwambia ndiyo. Akasema hasara nitaihesabu siku nyingine, kwanza nihesabu kisima, maana huu ndio mwezi ambao kisima hakidanganyi. Akatoa kamba, akafunga fundo kila baada ya sentimita 20, akafunga jiwe mwishoni. Tuliazima pampu ndogo ya kuzamisha na jenereta iliyokaa juu kabisa, mbali na mdomo wa kisima, tukavuta maji hadi yakabaki kidogo. Tukazima. Tukashusha kamba, tukaandika. Tukasubiri saa nzima, tukashusha tena. Maji yalikuwa yamepanda mafundo manne, sentimita 80.

Kisima changu kina upana wa mita 1.2. Kila sentimita 10 za maji mle ndani ni kama lita 113, kwa hiyo sentimita 80 ni lita 900. Lita 900 kwa saa, basi. Nikivuta saa 8 za mchana, 7,200. Gawanya kwa lita 6 za kila mita ya mraba unapata mita za mraba 1,200. Kisima changu kinaweza kulisha robo ekari na ziada kidogo. Hakijawahi kuwa kisima cha nusu ekari. Nusu ya mipira niliyoikopea ilikuwa imelala kwenye ardhi ambayo haikuwa na maji yake.

Niliumia kuandika hiyo namba. Lakini tangu siku ile sijawahi kuamka usiku nikihofia kisima.

Tukifika hapo, kama unafikiria kuchimba kirefu ili upate zaidi, pitia kwanza Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kwetu ni Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na wataalamu wao wanayajua maji ya chini ya eneo lenu kuliko mchimbaji anayelipwa kwa mita.

Jambo la pili lilikuwa presha, na hapa niliteseka kwa sababu ya herufi ndogo. Kwenye boksi la mipira pameandikwa kwamba kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa. Pembeni, kwa maandishi ya kukodolea macho, pana baa 1. Baa 1 ni msukumo wa maji yaliyosimama mita 10 juu yako. Tangi langu lilikuwa juu ya matofali, mita 1. Kwa kimo hicho tundu lile lile linatoa kama nusu lita tu kwa saa. Na shamba langu kule mwisho linapanda kidogo. Nilipopima kwa mpira wa maji wa mafundi wa ujenzi nikakuta mwinuko wa sentimita 40. Mita 10 zingevumilia hizo sentimita 40. Mita 1 yangu ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu kabla maji hayajafika, bado msuguano ndani ya bomba.

Kipimo kinachoonyesha haya hakihitaji kifaa cha kununua. Chukua vikopo, vifukie kidogo chini ya matundu: kimoja mwanzo wa laini ya kwanza, kimoja mwisho wake, vivyo hivyo laini ya katikati na ya mwisho kabisa. Fungulia dakika 10, kisha mimina kwenye bomba la sindano au kikombe cha dawa ya watoto chenye alama. Mwanzo nilipata mililita 80. Mwisho, mililita 20. Yaani mche wa kule mwisho ulikuwa unakunywa robo ya mwenzake, na mimi nilikuwa nauongezea mbolea kwa kudhani una njaa.

Tulibadili mambo matatu. Bomba kuu likahamia upande wa juu wa shamba ili laini ziteremke kidogo kidogo badala ya kupanda. Tangi likapanda mita 3. Na robo ekari ikagawanywa vipande viwili vya laini 10, kila kimoja na koki yake, visifunguliwe pamoja. Mnara wa tangi ulinigharimu 420,000, na nilikuwa nataka kuujenga kwa magogo ili kuokoa. Fundi chuma aliniambia jambo ambalo mwalimu wa hesabu nilipaswa kuliwaza: lita 2,000 ni tani 2. Tani 2 juu ya vichwa vya watu. Nililipa chuma na zege.

Baada ya hapo vikopo vilisema mililita 145 mwanzo na 132 mwisho. Ukifika kwenye tisa kwa kumi hivi, acha kuhangaika, umefika. Kila kipande sasa kinachukua saa mbili na nusu kwa siku nyanya zikiwa kubwa, tangi likijazwa huku linatoka, na jioni kisima bado kina maji ya kunywa ya mbuzi.

Sasa uchafu. Hii ndiyo sehemu niliyopoteza mipira mingi zaidi, na yote kwa kukataa kulipa 70,000. Fundi alisema chujio si lazima kwa sababu maji ya kisima ni meupe. Nikafurahi kusikia. Maji meupe machoni yana mchanga laini usiouona, na tundu la dripu ndani yake si tundu tu, ni kinjia chembamba kinachozunguka zunguka ili maji yatoke polepole. Chembe moja ikikwama humo, nyingine zinaegemea. Nilipoona matundu yamenyamaza nikawaita watoto wa jirani tuyazibue kwa pini. Usifanye. Pini haifiki kwenye kinjia, inatanua mdomo, na tundu lililotanuka linapora maji ya laini nzima. Kinachotakiwa ni chujio la diski la meshi 120, lifungwe baada ya tangi na kabla ya bomba kuu, lifunguliwe na kuoshwa. Langu naliosha kila siku ya pili, na wakati wa vumbi la Septemba kila siku. Ncha za laini nazo zisizibwe moja kwa moja. Ikunje ncha na kuibana kwa kipande cha mpira, ili kila wiki uikunjue maji yatoke kwa kasi na tope. Mara ya kwanza tulipozikunjua yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sikuamini kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa humo.

Mfuniko wa tangi nao uwe umefungwa. Mwanga ukiingia unaota utando wa kijani, na utando huo ukikatika unakwenda moja kwa moja kwenye chujio.

Kisha kuna uchafu niliouweka mwenyewe. Msimu wa 2022 niliamua kupitisha mbolea ndani ya dripu, jambo zuri kabisa, maana mbolea inafika kwenye mzizi na jembe haliingii. Nikaloweka DAP kwenye ndoo usiku kucha, nikachuja kwa kitenge, nikamimina tangini. Wiki ileile nikatia na kalisi naitreti. Maji ya Dodoma sehemu nyingi ni magumu, yana kalisi tayari; unayaona kwenye sufuria ya chai ule ugaga mweupe. Fosfeti ya DAP ikikutana na kalisi hugeuka chokaa chokaa isiyoyeyuka tena. Baada ya siku tano laini 6 kati ya 20 zilikuwa kimya. Nilizikata kwa kisu nikakuta ndani kitu kama unga wa muhogo. Asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji, ikilala humo usiku na kusukumwa asubuhi, ilirudisha laini 2. Nne nilizitupa. Sasa DAP na samadi vinaingia kwenye shimo kabla ya kupanda, na ndani ya dripu napitisha tu zinazoyeyuka zote: urea, kalisi naitreti, potasiamu naitreti. Kalisi naipa siku yake, isikutane na fosfeti wala salfeti. Na kila mara naanza na maji matupu, mbolea katikati, namaliza na maji matupu kwa dakika 20.

Kosa la chumvi lilikuwa la polepole zaidi. Pembeni ya nyanya nilipanda mistari miwili ya maharage ya kula nyumbani. Nyanya zikawa za kijani, maharage yakaungua kingo za majani kama yamepitishwa kwenye moto, yakadumaa. Maji yaleyale, mbolea ileile. Nilipopeleka maji kupimwa yakakutwa na desisimensi 1.6 kwa mita, kipimo cha chumvi. Chini ya 0.7 huna wasiwasi, juu ya 3 ni hatari kwa mazao mengi. Mimi nipo katikati. Nyanya huvumilia kiasi hicho, maharage hapana, vitunguu navyo ni laini. Laiti ningepima kwanza ningejua cha kupanda. Gharama ya kipimo ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya maharage.

Dripu inasukuma chumvi hadi ukingoni mwa ule mduara wa unyevu. Utaona duara jeupe kama unga limezunguka kila tundu. Ikikaa pale haina neno kubwa, mizizi ipo katikati kwenye unyevu. Hatari inakuja na mvua ya kwanza. Desemba 2022 ilinyesha manyunyu ya jioni moja, nikafurahi, nikafunga koki kuokoa petroli, kwani mwaka ule lita ilikuwa imevuka shilingi 3,000. Manyunyu yale yakaiyeyusha chumvi ya ukingoni na kuirudisha kwenye mizizi, na hayakutosha kuishusha chini. Hoho changa 200 zilinyauka huku udongo umelowa. Mvua ndogo ikinyesha kwenye shamba lenye duara nyeupe, fungulia dripu. Najua inaonekana kinyume, hata mdogo wangu alibisha. Funga pale mvua kubwa itakapoiosha ardhi vya kutosha.

Mengine ni ya kila siku. Panya wanatafuna mipira kwa kiu, hasa Oktoba. Tangu tuweke mabeseni mawili ya maji kando ya shamba matundu ya meno yamepungua sana. Palizi ikifanywa na kibarua mgeni, tembea naye mstari wa kwanza, muonyeshe mpira ulipo, na mfuko wako uwe na konekta za kuungia, maana jembe litakata tu. Ukivuna, kunja laini kwenye gurudumu, zihifadhi kivulini. Mipira yangu ya ukuta mwembamba tuliyoiacha juani mwaka wa kwanza ilipasuka kama karatasi. Ile tuliyoikunja inaingia msimu wa nne.

Na fukua udongo. Hili sikulisoma popote, nilioneshwa na mzee. Dakika 30 baada ya kumwagilia, chimba pembeni ya tundu uone unyevu umekwenda wapi. Kwenye kichanga unashuka wima kama mzizi wa karoti, kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku. Kwenye mfinyanzi unatanuka kama sahani, mara moja yatosha. Shamba langu lina vyote viwili, upande wa juu kichanga, upande wa chini mfinyanzi. Bila kufukua ningeendelea kudhani vipande vyangu viwili vinafanana, na kile cha juu kingeendelea kunyauka saa nane mchana.

Mwanzoni mwa 2023 niliuza mipira ya ziada na ile pampu ya petroli, nikaongeza posho ya kusahihisha mitihani, nikanunua pampu ndogo ya kuzamisha ya sola na paneli mbili kwa 1,350,000. Inavuta lita 900 hivi kwa saa jua likiwa kali, sawasawa na kisima kinavyotoa, na niliichagua kwa sababu hiyo. Kubwa zaidi ingekauka kila saa. Msimu ule, kwenye robo ekari, nyanya zilitoa makreti 74. Bei zilipanda na kushuka, kwa wastani nilipata 35,000 kwa kreti, yaani 2,590,000, na gharama za msimu zilikuwa 740,000. Desemba nililipa mkopo wa SACCOS ukaisha. Mama alikuja shambani siku ile, akazunguka mistari yote, akaokota kreti tupu akalikalia, akasema, "Kumbe ulikuwa hulimi, ulikuwa unasoma." Tangu wakati ule haniulizi tena lini nitaacha.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinijia na karatasi ya bei, nusu ekari yote imeandikwa vizuri, fedha ipo mfukoni, gari la kukodi linasubiri. Alitaka nimsindikize dukani asidanganywe. Nikamwomba gari litupeleke kwanza shambani kwake. Nilikuwa nimebeba kamba ya mafundo. Tulivuta maji, tukazima pampu, tukaandika saa: nne na dakika kumi. Dereva akauliza tunasubiri nini. Mwenzangu akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachora mistari miwili, tukakaa kwenye kivuli cha mkwaju kusubiri maji yapande.